Kabla Hajapanda Ndege

Jumamosi huwa najitolea kwenye kituo cha wanyama waliotelekezwa. Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kuwazoesha vizimba vya safari wale waliopata familia za mbali. Kizimba kinaachwa wazi sakafuni wiki kadhaa, na blanketi analolijua ndani, mpaka mnyama aingie kulala kwa hiari yake. Kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, zinataka aweze kusimama, kugeuka na kujilaza kwa raha. Mimi sikubali masikio yaguse dari hata kidogo.

Wengi huuliza kuhusu dawa ya kutuliza. Tafadhali, usimpe bila daktari wa mifugo. Inaweza kushusha shinikizo la damu na kudhoofisha upumuaji, na huko chini kwenye mizigo hakuna wa kumtazama. Mbwa wenye pua bapa, kama buldogi, ndio wananitia hofu zaidi, hasa wakati wa joto. Baadhi ya mashirika ya ndege huwakataa, nami naunga mkono.

Paka wetu mweusi, mwoga kuliko wote, anaondoka wiki ijayo. Nimewaandikia wenyeji wake wapya kwamba anapenda kukunwa kidevuni, na kwamba siku za mwanzo wasimwondolee kizimba chake.