Mtoki kinenani, kidonda mguuni

Mtoki, yaani tezi ya limfu iliyovimba, ukitokeza kinenani, kagua mguu wa upande huohuo kwanza. Angalia unyayo na katikati ya vidole: mara nyingi utakuta mwiba uliobakia ndani, fangasi, au lengelenge lililopasuka likaingia bakteria.

Majimaji ya mguuni yanayoingia kwenye mishipa ya limfu hupanda kwa vali zinazoyazuia yasirudi chini, na kabla ya kufika kwenye damu karibu na mtulinga lazima yapite kwenye tezi. Mtu mzima anazo mamia, nyingi hazifiki sentimita 1. Limfu, yaani majimaji hayo, huingia kwenye tezi kwa mishipa mingi, hutoka kwa michache, hivyo mwendo wake ndani ni wa taratibu. Chini ya ganda la tezi zipo makrofaji, seli zinazonasa bakteria na kuwameza. Seli nyingine hutoka ngozini zikiwa zimebeba vipande vya bakteria na kuvionyesha kwa seli T, askari wa kinga ya mwili. Seli T inayomtambua adui huyo hasa ni adimu mno, na tezi ndiyo inayowakutanisha. Ikishamtambua huzaliana kwa siku kadhaa, huku seli B, askari wa aina nyingine, zikianza kutengeneza kingamwili.

Kwa hiyo uvimbe ule ni seli zilizojaa kazini. Maumivu hutokana na ganda kutanuka. Usiuchue, usiuchanje, usiutoboe! Tibu chanzo: toa mwiba, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, tibu fangasi. Tezi huweza kuchukua wiki 2 hadi 4 kunywea hata kama kidonda kimeshafunga. Bakteria wakizidi nguvu, tezi hutunga usaha. Ukiona mstari mwekundu unapanda mguuni, tena na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Tezi ya shingoni ni habari nyingine. Ikikua polepole bila kuuma, ikashikana na jirani zake, pengine na jasho la usiku na kukonda, fikiria kifua kikuu cha tezi, hata kama hukohoi. Iliyo juu ya mtulinga, au ngumu isiyosogea, usiisubirie kabisa. Huweza kuwa saratani. Hospitali watachukua sampuli kwa sindano nyembamba. Dawa za kifua kikuu cha tezi kwa kawaida ni miezi 6, na katikati ya matibabu tezi huweza kuvimba upya ingawa dawa zinafanya kazi. Rudi kliniki wakuangalie, lakini usiache dawa.