Chungu cha bibi na kijiwe cha Ordos

Bibi yangu wa Muheza hapikii chungu kipya mpaka akiloweke maji usiku kucha. Anasema chungu kikavu kitakunywa mafuta yote. Nimemkumbuka sana wiki hii hapa Xi'an, China, nikiwa na kijiwe cha upana wa sentimita mbili na nusu, kilichokatwa kwenye Chang 7, tabaka la mwamba wenye mafuta katika bonde la Ordos. Zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita pale palikuwa ziwa.

Kijiwe changu nacho kililowekwa kwanza. Vitundu vyake vilijaa maji, halafu mafuta yakaja kutoka kwenye mwambatope (mwamba wa tope lililoganda) wa jirani, yakalazimika kuyasukuma maji ndipo yapate nafasi. Ninachotafuta ni hiki: yalihitaji presha kiasi gani, na yaliingia vitundu vya ukubwa gani?

Wengi huuliza ukubwa wa kitundu. Mimi naangalia mlango wake. Chumba kiwe kikubwa namna gani, kama mlango una nanomita 100 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), mafuta yatahitaji karibu megapaskali 1, yaani kama mara kumi ya presha ya hewa, kuyatoa maji pale mlangoni. Mlango ukiwa nusu ya hapo, presha ni maradufu. Njia moja ya kuipima milango hiyo ni kusukuma zebaki ndani ya jiwe kavu: kwa mlango uleule wa nanomita 100 inataka karibu megapaskali 15, na hesabu yake ni ile ya mwanasayansi Washburn ya mwaka 1921.

Mwezi uliopita nilikausha vijiwe viwili pacha, kimoja kwa nyuzi 60, kingine kwa 110. Zebaki ikapita kirahisi zaidi kwenye kile cha 110, nikafurahi kwamba nimepata mwamba mzuri. Nilipotazama vipande vya mawe hayo kwa hadubini ya elektroni, moyo ulishuka. Ilaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, huota ndani ya vitundu kama nywele nyembamba, husimama katikati ya milango. Kwenye cha 110 nywele zote zilikuwa zimelala ukutani. Milango niliyoipima niliipanua mwenyewe kwa joto la oveni.

Siku hizi sikaushi kwa moto mkali, na zebaki naiacha hadi mwisho. Naanza kwa kuloweka kijiwe kwenye maji yenye kloridi ya manganizi, ili mashine ya sumaku isiyasikie maji hayo, isikie haidrojeni ya mafuta peke yake. Kisha nasukuma mafuta ya taa, nasubiri, napima, naongeza presha kidogo. Kwenye mchoro wa skrini kinapanda kwanza kilima cha kulia, cha vitundu vikubwa. Kushoto, kwa vitundu vidogo, panabaki tambarare, saa baada ya saa. Jana, saa sita kasoro usiku, palianza kuinuka. Kidogo tu, upana wa kucha, lakini nilipima tena mara tatu na kimo hakikubadilika.

Pacha wa kijiwe hiki bado amefungwa kwenye nailoni, kwenye jokofu. Zebaki sijaigusa. Jiwe likishaingia zebaki huwezi kulipima tena.