Andika, ila usitangaze

Saa nne asubuhi. Naamka majirani wakiwa wameshafagia ua na kuanika nguo, na kwa hilo tu kesi yangu imeshakatwa: mwanamke gani analala hadi jua linachoma mabati? Naishi Kenya (komini ya Lubumbashi, Kongo, msinitume Nairobi), na usiku natumika upande wa Kamalondo, kwenye baa. Ndiyo, kazi hiyo hiyo mnayoiwaza. Mchana ni mwelimishaji rika: nagawa kondomu, nawasindikiza wenzangu kupima virusi vya ukimwi, nawafuata walioanza dawa wasiziache. Siku mbili ndani ya moja, malipo ya moja na kidogo.

Nachota maji, nawasha makala (mkaa), nakula bukari ya jana na sombe. Mtoto yuko shule.

Saa tano na nusu, kituo cha afya. Hapa ndipo siku ilipokwama. Nimemleta mdogo wetu mmoja, mgeni mjini. Usiku uliopita kondomu ilimpasukia. Dawa ya kuzuia virusi baada ya tukio kama hilo lazima ianzwe ndani ya saa 72, na kila saa unayochelewa inakupunguzia kinga, kisha unameza kila siku kwa siku 28. Nilikuwa nimemweleza hayo yote njiani, juu ya manseba, pikipiki ya abiria, huku tumebanwa watatu na dereva. Alikubali. Kumfikisha pale ilikuwa nusu ya kazi.

Kwenye rejista kakaa kijana mpya. Mabenchi yamejaa akina mama na vichanga vya chanjo. Nikampa karatasi yetu, nikamwonyesha kwa kidole sehemu ya kuandika. Akaisoma, akasimama, akapaza sauti kuelekea mwisho wa korido:

"Docta! Kuko ba PS wawili huku!"

Benchi zima likageuka. Mama mmoja akavuta kitenge, akamfunika mtoto uso. Kwenye kona nikamwona muuza makala wa mtaani kwetu, ananitazama kuanzia kandambili kwenda juu, taratibu, ili asikose kitu cha kusimulia jioni. Mdogo wangu akainuka aondoke. Nikamshika mkono.

"Shefu," nikasema, "andika. Sikukatazi kuandika. Nani amekutuma kutangaza?"

"Sasa, mama, si ndiyo jina lenu? Mulijipatia wenyewe."

Jibu hilo lilinichoma kwa sababu lina robo ya ukweli. PS, yaani professionnelle du sexe, Kifaransa cha mwanamke wa kazi hii, limetoka kwenye karatasi za miradi ya ukimwi, nasi tukalipokea kwa mikono miwili. Lina faida: likiandikwa, kondomu zinafika na dawa zinahesabiwa kwa ajili yetu. Na likitajwa mbele ya asiyejua, halimwambii kitu. Tatizo pale kituoni kila mtu alikuwa anajua. Jina la kwenye rejista linanipa dawa. Jina hilo hilo likipita koridoni linanitoa kwenye nyumba niliyolipia garanti ya miezi sita.

Niliyasema hayo, labda kwa sauti kubwa kuliko yake. Akaliweka faili letu chini kabisa. Tukakaa. Waliokuja nyuma yetu wakaingia, wakatoka, watoto wakalia, wakanyamaza. Mdogo wangu alikuwa anakunja na kukunjua ile karatasi hadi ikakatika katikati. Saa nane ndipo muuguzi, mama mtu mzima, alipotoka mwenyewe na kumwita kwa jina lake la ubatizo, basi. Dakika ishirini, dawa mkononi.

Alasiri tulikuwa na kikao chetu, nikachelewa, nikakuta ubishi huo huo unachemka. Yaya (dada) wetu mkubwa hataki PS wala nini: "Miye muniite mama wa watoto wangu." Vijana wanalipenda, eti mwenye nyumba akilisikia atadhani ni chama cha siasa. Malaya tunaitana wenyewe tukicheka, lakini kwa mdomo wa jirani ni jiwe. Mmoja anashikilia "mfanyakazi wa ngono", akatukumbusha kwamba aliyelitunga neno hilo Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, Carol Leigh, alikuwa anaifanya kazi hiyo mwenyewe. Anasema mfanyakazi anaweza kudai haki, malaya anaombewa tu. Mimi niko karibu na huyo, ingawa siwezi kulitamka mbele ya mama yangu.

Na tusidhani serikali imeanza jana kututafutia majina. Enzi za Wabelgiji, mwanamke aliyekaa mjini bila mume aliandikwa "anayeishi peke yake kinadharia" na kutozwa kodi, hata kama alikuwa anauza maandazi. Hilo "kinadharia" linanichekesha: karani mwenyewe hakuamini alichoandika. Usumbura, Bujumbura ya leo, wanawake Waislamu waliigomea kodi hiyo miaka ya 1950.

Jioni sijui ilipita vipi. Nilimpikia mtoto, nikamwacha kwa dada yangu, nikavaa. Kamalondo muziki ulikuwa juu, wateja wachache, mwisho wa mwezi bado mbali. Miguu inauma. Kondomu za mfukoni niligawa nyingi kuliko nilizohitaji.

Kurudi, usiku wa manane ulishapita, askari wawili wakanisimamisha. Nauza nini? Nikatoa kadi ya mwelimishaji. Nikawaambia sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inamwadhibu anayewauza wengine au kuwalazimisha, haimtaji mwanamke anayerudi kwake. Mmoja akasikiliza vizuri kabisa, akatikisa kichwa, akaniita "madamu". Kisha akaomba elfu kumi.

Tukapatana elfu tano. Risiti hawakuwa nayo.