Wiki Ile Roy Williams Alipoondoka Kansas

Waliokuwa Lawrence, mji wa Chuo Kikuu cha Kansas huko Marekani, mwaka 2003 hawahitaji kukumbushwa tarehe. Jumatatu, 14 Aprili, kocha Roy Williams aliwaita wachezaji wake wa mpira wa kikapu wa chuo hicho akawaambia anaondoka. Usiku wa siku hiyo hiyo alikuwa Chapel Hill, akitambulishwa kuwa kocha mpya wa Chuo Kikuu cha North Carolina. Jumatatu iliyotangulia alikuwa bado kwenye benchi letu, fainali ya taifa, anapiga magoti pembeni ya uwanja na kuwapigia kelele vijana wake warudi kukaba.

Nilifika mji ule Agosti 2001 kutoka Dar es Salaam kusoma shahada ya pili, na kazi iliyonilipia ada ilikuwa kufundisha Kiswahili wanafunzi wa miaka ya mwanzo. Mpira wa kikapu niliufahamu kwa mbali. Nilikuwa nimesimama mara nyingi kando ya viwanja vya Don Bosco, Upanga, nikiwatazama wenzangu, basi. Moyo wangu ulikuwa kwenye soka, na ndani ya soka ulikuwa kwa Simba. Lakini Lawrence haimwachi mtu akae kando. James Naismith, aliyeubuni mchezo wenyewe mwaka 1891, alihamia hapo 1898, akawa kocha wa kwanza wa chuo, na amezikwa papo hapo mjini. Ukumbi wa Allen Fieldhouse, uliofunguliwa 1955, wakati ule uliingiza watu 16,300, na ndani yake wanafunzi hupokezana zamu za kulinda foleni siku kadhaa kabla ya mechi, vitabu mapajani, ili wapate viti vya mbele. Wachezaji wa timu ngeni wanapotajwa majina, wanafunzi hufunua magazeti na kujifanya wanasoma. Mara ya kwanza niliposikia ule wimbo wao wa taratibu, Rock Chalk Jayhawk (Jayhawk ni ndege wa kubuni, nembo ya timu), ukiimbwa na ukumbi mzima mechi ikiwa imeshakwisha kimatokeo, nywele zilinisimama. Nikawa wao tangu siku hiyo.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mwalimu mstaafu, ambaye viti vyake viwili ukumbini vilikuwa vya yeye na marehemu mumewe. Mara moja moja alinichukua nikakaa kiti cha mzee. Sikukichukulia kirahisi kiti kile, nikawa najifunza majina yote na takwimu zote kabla ya kwenda, maana angeniuliza.

Ni yeye aliyenisimulia habari za mwaka 2000, na bila habari hizo wiki ile ya Aprili haieleweki. Dean Smith, kocha mkubwa wa North Carolina, alikuwa mzaliwa wa Emporia, Kansas. Alisoma Kansas, akawa kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa wa taifa wa 1952 chini ya kocha Phog Allen. Kisha akaenda kuishi Carolina maisha yake yote. Roy Williams ni mtoto wa Carolina, alikaa miaka kumi akiwa msaidizi wa Smith, na mwaka 1988 Smith ndiye aliyempigia debe apewe Kansas, ingawa hajawahi kuwa kocha mkuu wa chuo chochote. Kansas walikuwa ndio kwanza wamechukua ubingwa, na kocha wao, Larry Brown, amekimbilia timu ya kulipwa ya San Antonio. Wakampokea mtu wasiyemjua. Yule mtu akawashindia.

Mwaka 2000 kazi ya Carolina ilipobaki wazi, wote walijua mzee Smith atamwita mwanafunzi wake. Tarehe 6 Julai watu kama 16,000 walikwenda kwenye uwanja wa soka ya Kimarekani wa chuo, wakakaa majukwaani wakati wa likizo, kutazama mkutano wa waandishi wa habari kwenye kioo kikubwa. Roy akasema: ninabaki. Mama mwenye nyumba wangu alikuwepo na mumewe, ambaye wakati huo bado mzima. Aliniambia watu wazima walikumbatiana na watu wasiowajua. Na Roy akaongeza kwamba wakija kuitana tena kwa mkutano wa namna ile, itakuwa anastaafu au anakufa.

Maneno hayo ndiyo mzizi wa yote.

Msimu wa 2003 tulikuwa na Nick Collison na Kirk Hinrich, wote mwaka wa mwisho, na wale vijana wa chini yao, Keith Langford na Aaron Miles. Wayne Simien alikuwa nje kwa bega. Tarehe 1 Aprili, tukiwa tumeshafuzu kwenda New Orleans kwa nusu fainali, ikatangazwa kwamba Matt Doherty, kocha wa North Carolina, amejiuzulu. Doherty naye aliwahi kuwa msaidizi wa Roy hapa Kansas. Hivyo timu ikasafiri kwenda kwenye mechi kubwa kuliko zote huku kila mwandishi akiwa na swali moja mdomoni. Nusu fainali tuliichana Marquette ya Dwyane Wade 94 kwa 61. Sijaona ubabe wa namna ile hatua ile, wala sidhani nitauona.

Fainali ilichezwa tarehe 7 Aprili. Kwetu ni siku ya Karume, na asubuhi yake nilikuwa nimepiga simu nyumbani, nikawaomba waniombee ushindi, wakacheka. Saa mbili usiku tulikaa sebuleni kwa mama, mimi na wanafunzi wangu wawili watatu na mwenzangu wa Mombasa aliyekuwa anasoma uhandisi. Syracuse walikuwa na Carmelo Anthony, kijana wa mwaka wa kwanza anayecheza kama mtu mzima, na Gerry McNamara alitupiga mitupo sita ya pointi tatu kipindi cha kwanza peke yake. Tukaenda mapumziko tumeachwa 53 kwa 42. Tulirudi, tukawakaribia, na kilichotuua ni mitupo huru: tulipewa 30, tukaingiza 12. Hesabu hiyo mashabiki wa Kansas wanaitaja hadi leo kama watu wanavyotaja umri wa mtoto aliyefariki. Mwishoni Michael Lee akapata nafasi pembeni ya kusawazisha, na Hakim Warrick, mikono mirefu, akatokea kusikojulikana akaupangua mpira. 81 kwa 78. Collison alimaliza na pointi 19, na mipira 21 aliyoidaka ubaoni. Angefanya nini zaidi yule kijana?

Dakika chache baadaye mwandishi wa televisheni alimuuliza Roy, macho mekundu, habari za Carolina. Alijibu kwa tusi hewani kwamba kwa wakati ule Carolina haimhusu hata kidogo. Wanafunzi wangu walishangilia. Mama hakushangilia. Alizima televisheni akasema, "Hakusema hapana."

Jumatano yake, tarehe 9, sitaisahau kwa mambo mawili ambayo hayana uhusiano. Kwenye sebule ya jengo la wanafunzi wa kigeni televisheni ilikuwa inaonyesha sanamu ya Saddam ikiangushwa Baghdad, na wanafunzi wa Kiarabu wamekaa kimya kabisa. Chumba cha pili watu wanazungumza kwa sauti kwamba mkuu wa chuo amemfukuza Al Bohl, mkurugenzi wa michezo, ambaye ilijulikana hawaelewani na Roy. Bohl akatoka nje ya nyumba yake akawaambia waandishi kwamba kocha alikuwa amemshika kiganjani kama njiwa, na badala ya kumwachia aruke, akachagua kumponda. Nilikwenda huku na huku kati ya vyumba vile viwili. Nilijiona sina adabu kuhangaikia kocha siku ya namna ile, na bado nilihangaika. Tulidhani Bohl akiondoka, Roy atabaki. Tulijidanganya kwa siku tano.

Habari ilipothibitika Jumatatu, mji ulibadilika. Kamera ziliwanasa wachezaji wakitoka kwenye kikao, wengine wanalia, wengine hawataki kusema na mtu. Mwenzangu wa Mombasa alinikuta ngazini nimejiinamia. "Bwana, huu msiba wa nani?" aliniuliza, na alikuwa anauliza kwa dhati. Nilimwambia ni wangu.

Kesho yake nilikuwa na kipindi saa tatu asubuhi. Tulipaswa kusoma ngeli ya KI-VI. Waliingia wengi wao wamevaa fulana za buluu za timu, hakuna aliyefungua daftari. Kulikuwa na kijana mmoja mrefu, mtoto wa mkulima wa ngano kutoka magharibi ya jimbo, aliyekuwa akijikokota sana na Kiswahili. Akanyosha mkono. "Mwalimu, kwenu kocha akienda, watu wanafanya nini?"

Nikaliweka somo pembeni. Niliwaeleza kwa Kiswahili chepesi habari za Simba na Yanga: jinsi kocha anavyopokelewa uwanja wa ndege kwa ngoma, akapoteza mechi ya watani, na wiki inayofuata mashabiki wanaimba aondoke. Niliwaambia kwamba kwetu kocha ni mgeni wa siku mbili, hatuna muda wa kumlilia. Walinisikiliza kwa mshangao wa kweli. Kansas, tangu Naismith, kwa zaidi ya miaka mia moja, ilikuwa imekuwa na makocha wakuu saba tu, na Roy ndiye wa saba. Miaka 15, ushindi 418, vipigo 101. Wengi wa darasa lile walikulia katika nyumba ambazo sauti yake ilikuwa inasikika redioni kila majira ya baridi.

Yule kijana alifikiri kidogo akasema, taratibu, neno moja baada ya jingine: "Lakini sisi hatukumfukuza."

Nikakosa jibu. Nilikuwa nimewafariji kwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Jioni nilimkuta mama jikoni, na tukabishana kama ambavyo hatukuwahi kubishana. Mimi nilimtetea Roy. Nilimwambia kwamba mahali nilipolelewa, mwalimu wako akikuita mara ya kwanza unaweza kutoa udhuru, akikuita mara ya pili unafunga mzigo. Smith ndiye aliyemtoa kwenye usaidizi akamfanya mtu. Roy alimkatalia 2000 na, kwa maelezo yake mwenyewe, kumkatalia kulimuumiza. Anawezaje kumkatalia tena? Na nyumbani ni nyumbani. Usiku ule Chapel Hill alisema alizaliwa mtu wa Carolina na atakufa mtu wa Carolina, ila hapo katikati amelelewa na pande zote mbili. Mimi niliyekuwa mbali na kwetu niliyasikia maneno hayo nikayaamini.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Hakubishana kuhusu kwenda. Alisema mtu yeyote ana ruhusa ya kurudi kwao, hata yeye angemsaidia kufunga masanduku. Alichokataa ni ile siku ya Julai. "Hakuna aliyemlazimisha kutuahidi," alisema. "Mume wangu alikufa akiamini lile jambo limekwisha." Nilitaka kujibu, nikaona afadhali nioshe vyombo. Tangu hapo nimeigeuza hoja yake kichwani kwa miaka, na naona alikuwa sahihi. Ahadi ile ilitolewa kwa upendo, lakini ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa mtu ambaye mwalimu wake bado yu hai.

Tarehe 21 Aprili alitambulishwa kocha mpya, Bill Self, kutoka Chuo Kikuu cha Illinois. Aliwahi kuwa msaidizi mdogo hapa enzi za Larry Brown, kwa hiyo hakuwa mgeni kabisa. Vijana wangu walifurahi, na mimi nikawauliza kama wanajua kwamba huko Champaign, mji wa chuo cha Illinois, leo kuna darasa limekaa kama walivyokaa wao. Walijua. Hawakujali sana, na siwalaumu. Yaliyofuata yalichekesha kwa ukatili: mwaka 2005 Roy alipata ubingwa wake wa kwanza, akiwa na vijana aliowasajili Doherty, kwa kuifunga Illinois 75 kwa 70, yenye vijana aliowasajili Self. Mwaka huo huo sisi tulitolewa raundi ya kwanza na Bucknell. Nilikuwa nimesharudi Dar es Salaam, na barua pepe ya mama ilikuwa na sentensi mbili tu.

Mwaka 2008 ndio ulioleta mazungumzo tena. Nusu fainali, San Antonio, Kansas ya Self dhidi ya Carolina ya Roy. Tuliongoza 40 kwa 12 kabla hawajajua wako wapi, tukamaliza 84 kwa 66. Jumatatu, tarehe 7 Aprili kwa mara nyingine, Mario Chalmers akasawazisha kwa mtupo wa pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde 2.1, tukaichapa Memphis kwenye muda wa nyongeza, 75 kwa 68. Na pale jukwaani, kamera ikamwonyesha Roy Williams, amekuja kutazama timu iliyomtoa siku mbili kabla, amebandika nembo ya Jayhawk kifuani. Watu wa Carolina walimkasirikia kwa hilo.

Mama aliniandikia asubuhi iliyofuata, barua ndefu safari hii, kila mtupo wa dakika za mwisho ukiwa na maelezo yake. Mwishoni akagusia ile nembo. Alisema alifurahi Roy kuja, na alifurahi zaidi kwamba alikuja sisi tukishinda. Nilimjibu kwamba kwetu mtu akija hivyo, mbele ya watu, amevaa alama yenu kifuani, yamekwisha, amesamehewa.

Akanijibu siku ile ile: "Kwenu, labda."