Mashine ilizihesabu, haikuzitoa

Mara ya kwanza kwenda benki kulalamika nilikuwa na hasira tele, na haki sikuwa nayo. Daftari langu lilisema salio hili, benki ikasema lile, na tofauti ilikuwa 540. Kwa hesabu yangu benki ndiyo iliyonila. Karani niliyemkuta dirishani alikuwa mzee mtulivu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo 540 umeigawanya kwa tisa?"

Nilidhani ananichezea. Akaandika kwenye kipande cha karatasi: 540 kwa 9 ni 60, hakuna baki. "Haya, nenda katafute ulipogeuza tarakimu. Usipopaona, rudi tugombane."

Sikurudi. Nyumbani nilipitia mstari mmoja mmoja nikaikuta: malipo ya 4,710 nilikuwa nimeyaandika 4,170. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi, tofauti inayozaliwa hugawanyika kwa 9 siku zote. Chukua 71 na 17, au 63 na 36, ujaribu mwenyewe. Si kwamba kila tofauti ya namna hiyo lazima imetokana na kugeuza tarakimu, ila ndipo pa kuanzia kutafuta. Baadaye nilijifunza na nyingine: tofauti ikigawanyika kwa mbili, tafuta kiasi ambacho ni nusu yake. Mara nyingi ni pesa uliyoitoa ukaijumlisha, au uliyoipokea ukaitoa. Na kama tofauti inalingana kabisa na muamala mmoja, basi huo umesahau kuuandika. Mimi, kwa aibu, nimeshafanya yote matatu.

Tangu hapo daftari langu lina safu ya tarehe, ya saa, ya kiasi, ya sababu, na ya namba ya kumbukumbu ya muamala. Safu ya saa niliiongeza bila kujua kwa nini. Nadhani nilikuwa napenda tu mistari. Mara moja kwa juma nafungua taarifa ya akaunti na kuweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu kwenye kila kinacholingana. Kisichokuwa na vema ndicho ninachokishughulikia.

Si kila kisicho na vema ni kosa, na hapa ndipo nilipowahi kuwasumbua watu bure. Ukilipa kwa kadi, benki kwanza hutenga kiasi kile bila kukitoa. Salio unaloweza kutumia linashuka, salio lenyewe la akaunti bado liko palepale. Siku chache baadaye malipo halisi yanapita na kile kilichotengwa kinaachiliwa. Viwili hivyo vikipishana kidogo, utaapa umekatwa mara mbili. Siku hizi naviandikia "kimeshikwa" kwa penseli na kusubiri. Ikipita wiki bado viko viwili, ndipo napiga simu.

Kuna pia pesa inayoingia bila mwenyewe kuijua. Iliniingilia mara moja. Niliiandika na alama ya kuuliza, sikuigusa, nikaitaarifu benki, na baada ya siku kadhaa wakaichukua. Rafiki zangu walinicheka. Lakini mwaka 2020 Citibank, ikikusudia kulipa riba tu ya mkopo wa kampuni ya Revlon, ilijikuta imewatumia wakopeshaji karibu dola milioni 900 zaidi. Baadhi yao wakagoma kurudisha, wakashinda mahakamani, kisha mwaka 2022 rufaa ikawageuzia kibao. Wale walikuwa na mawakili. Mimi nina kalamu nyekundu.

Sasa kosa ambalo kweli lilikuwa la benki.

Ilikuwa Jumamosi. Niliingiza kadi kwenye ATM, nikaomba 20,000. Nikaisikia ikihesabu noti, ule mlio wa karata zinazochanganywa, halafu kimya. Mlango wa pesa haukufunguka. Kadi ikarudi na maandishi kwamba huduma haipatikani, na kabla sijaitia mfukoni simu ikalia: meseji ya kukatwa 20,000, na ada ya kutoa juu yake.

Sikujaribu tena palepale, ingawa mkono ulikuwa ukiwasha. Nilipiga picha kioo cha mashine na ile namba yake iliyobandikwa kwa mbele, nikaandika saa, nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu. "Ilikuwa saa ngapi, dada?" Nikamwambia saa moja na dakika arobaini usiku. Akanipa namba ya malalamiko na kuniomba nisubiri siku 10 za kazi. Sikuwa na wasiwasi. Mashine hutunza kumbukumbu ya kila inachofanya, na pesa iliyomo ikihesabiwa, noti ambazo hazikutoka lazima zionekane kama ziada.

Siku 10 zikapita. Jibu likaja: hakuna muamala ulioshindikana kwa muda uliotajwa.

Nilikwenda na daftari, safari hii sauti ikiwa chini. Bahati nzuri yule mzee alikuwepo. Nilimwomba jambo moja tu, anisomee malalamiko yangu kama yalivyoandikwa. Akageuza kioo cha kompyuta upande wangu. Tarehe ilikuwa ya Jumatatu, kwa sababu taarifa ya akaunti iliuingiza muamala siku ya kwanza ya kazi. Na saa: 01:40.

Tukatazamana. Saa moja na dakika arobaini usiku niliyosema mimi, kwenye mashine ni 19:40. Yule kijana alisikia "moja", akaandika moja. Watu walikuwa wamekwenda kupekua alfajiri ya siku ambayo sikuwepo, na kwa kweli hawakukuta kitu. Hawakunidanganya hata kidogo.

"Umeandika wapi hiyo saa?" mzee akauliza. Nikamwonyesha safu yangu, na picha kwenye simu yenye tarehe na saa yake. Akarekebisha vyote viwili, akaniandikia namba mpya, nami nikaomba nakala yenye muhuri. Nilimwomba pia aandike "19:40, jioni ya Jumamosi" kwa maneno. Alicheka, lakini aliandika.

Siku ya nne 20,000 ikarudi. Nilifungua taarifa ya akaunti, nikaikuta na namba yake ya kumbukumbu, nikaweka vema. Mstari wa chini yake ukabaki mtupu. Ile ada ya kutoa, ada ya pesa ambazo hazikutoka, hawakuirudisha.

Ilikuwa kiasi kidogo, cha kumfanya mtu aseme basi. Mume wangu alisema basi. Mimi niliangalia saa, nikaona benki bado haijafungwa, nikatafuta viatu.