Nilivyofika jumba la mfalme wa Bandjoun nikifuata simbi

Simbi (makombe madogo ya baharini) zilizokuwa fedha Afrika Magharibi zilikuwa za aina mbili. Zilizotangulia kwa karne nyingi ni zile ndogo za Maldivi. Za pili zina pete ya njano mgongoni, na hizo ndizo tunazookota sisi watu wa Pemba kwenye miamba bahari ikipwa. Kuanzia miaka ya 1840, wafanyabiashara wa Hamburg walizipakia kwa magunia na magunia kutoka Zanzibar na pwani yetu yote, wakazizungusha Rasi ya Tumaini Jema mpaka ghuba ya Guinea kununulia mafuta ya mawese. Zilimwagika huko kwa wingi hata thamani yake ikaporomoka. Jambo hili nililisoma zamani na halikunitoka kichwani, kwa sababu kwetu simbi ni mchezo wa watoto na pambo la mkufu. Nilipopata kazi ya muda Yaoundé, mji mkuu wa Kamerun, nikajiambia kwamba sitarudi nyumbani kabla sijaona zilikofikia.

Wenyeji walinielekeza magharibi, kwenye nyanda za juu za Wabamileke. Kule kila mji una mfalme wake, anayeitwa fo, na falme hizo ni nyingi, kubwa na ndogo, kila moja na jumba lake. Manne kati ya majumba ya nyanda hizo yalipata makumbusho rasmi mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ushirikiano na shirika la Kiitaliano la COE: Bandjoun na Baham upande wa Wabamileke, Mankon na Babungo upande wa kaskazini-magharibi. Nikachagua Bandjoun kwa kuwa iko karibu kabisa na Bafoussam, mji mkuu wa mkoa, na kwa kuwa nilikuwa na njia ya kuingilia.

Njia yenyewe ilikuwa upatu. Wabamileke waishio Yaoundé na Douala hukutana kwa miji walikotoka, aghalabu Jumapili. Wanachanga fedha, mmoja anapokea, na hapohapo wanazungumza misiba, harusi na ujenzi wa nyumbani. Mfanyakazi mwenzangu ni mtu wa Bandjoun na yumo katika mkutano kama huo. Nilipomweleza ninachotaka, hakunipa anwani wala saa za kufungua. Aliniambia atapeleka habari nyumbani kwanza. Yule si mtu wa kupenda urasimu. Anajua tu kwamba jumba la mfalme ni nyumba ya watu, na nyumbani kwa watu hupigi hodi ukiwa umeshaingia sebuleni. Mgeni anaweza kwenda bila kutambulishwa, akalipa kiingilio chake kwa faranga za CFA, akaona vitu vizuri sana. Lakini najua nisingeambiwa nusu ya niliyoambiwa.

Kifaransa changu ni cha kununulia mkate. Kwa bahati nilikuwa na rafiki, dada mmoja wa Bukavu, anayesema Kifaransa na Kiswahili vyote kwa raha, naye akakubali kufuatana nami. Kutoka Yaoundé ni karibu kilomita 300 kwa basi. Barabara inapanda polepole, msitu unapungua, udongo unazidi kuwa mwekundu, na ukifika Bafoussam, kwenye mita 1,400 hivi juu ya bahari, jioni unatafuta sweta.

Jumba la Bandjoun huanzia juu na kuteremka. Juu uko uwanja wa soko, na kutoka hapo njia pana inashuka moja kwa moja bondeni, kulia na kushoto zikiwa nyumba za wake wa mfalme zimepangwa pande mbili. Chini kabisa, mbele yako, limesimama jumba kuu, na nyuma yake ni makazi ya mfalme, kisha miti ya msitu mtakatifu ambao mgeni haingii. Kwingine watu wakubwa hujenga kileleni ili waonekane. Hapa mtu anamshukia mfalme, na kadiri anavyoshuka ndivyo anavyoingia ndani zaidi ya mambo. Nilishuka taratibu. Rafiki yangu alikuwa ameshanikanya tangu kwenye basi: "Kaka, ukikuta muzee, usimupe mukono wa kwanza. Ungojee yeye."

Ushauri ule ulinifaa sana. Fo hapewi mkono. Anayemsalimu huinama na kupiga makofi ya polepole, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo. Hatukumwona fo siku hiyo wala hatukuomba kumwona, lakini mzee aliyetupokea alipopiga makofi hayo kuelekea upande wa makazi, na sisi tulipiga. Nilimwita "Papa", kama wanavyowaita wazee wao kule, naye akaniita ndugu yake aliyetoka mbali.

Jumba kuu lina urefu wa takriban mita 17 kwenda juu. Umbo lake ni la kimahesabu: kuta za mraba, juu yake jukwaa la duara, na juu ya jukwaa paa la nyasi lililochongoka kama pia. Limezungukwa na nguzo za mbao zilizochongwa watu na wanyama, moja juu ya nyingine. Kuta nilizitambua mara moja kwa sababu ni fito za miwale, miti ya jamii ya minazi. Sisi Pemba tunaujua mwale tangu utotoni. Lakini sikuwahi kuona fito zake zimefungwa kwa ustadi ule, wima na ulalo, hata ukuta mzima ukawa na nakshi bila rangi yoyote. Papa alituonyesha vifungo kwa kidole, kimoja kimoja, akieleza kwamba katika ujenzi wao wa asili mapande ya paa huundwa chini ardhini, kisha wanaume wengi huyanyanyua pamoja.

Jumba hilo liliungua Januari 2005. Nguzo za zamani, nyasi, miwale, vyote vilikwenda na moto, kisha watu wa Bandjoun wakalijenga tena. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza kule Yaoundé, nilisikia unyonge kidogo, nikifikiri kwamba nakwenda kuona kitu kilichoigizwa. Pale chini ya paa niliona vingine. Nyumba ya nyasi na miwale haikukusudiwa kudumu karne tatu bila kuguswa; imekusudiwa kujengwa upya na watu wanaojua kuijenga. Kama mafundi wapo, na wachongaji wapo, na wa kunyanyua paa wapo, basi jumba lipo. Magofu yetu ya mawe ya Pemba, nayapenda sana, lakini fundi wa kuyasimamisha tena ni nani leo?

Makumbusho yenyewe yako ndani ya eneo hilohilo la jumba. Humo kuna hazina ya wafalme: viti vya enzi, vigoda, sanamu za wafalme na mama zao, vibuyu vya mvinyo wa mwale vilivyovishwa shanga, pembe za kunywea, mitemba, pembe za ndovu. Nilisimama muda mrefu mbele ya viti vya enzi. Mwili wa mbao wote umefunikwa shanga ndogo za kioo, nyekundu, buluu, nyeupe, zilizoshonwa kwenye kitambaa kilichobana mchongo kama ngozi. Shanga hizo zilitoka Ulaya, nyingi Venice na Bohemia, zikapita mikono mingi kabla ya kufika nyanda za juu, na ndiyo maana zilikuwa mali ya mfalme na wale aliowaruhusu. Nilipouliza kama kuna anayekalia kiti kile, rafiki yangu alinitafsiria jibu: "Anasema hii kiti iko ya mufalme, mutu mwengine hawezi ikaa, hata kama mufalme hayuko."

Na simbi nilizikuta. Zimeshonwa safu kwa safu, zimekaza, midomo yao nje. Nilichokuja kukitafuta, ile pete ya njano, hakikuwapo. Si kwa kuwa simbi hizo si zetu, bali kwa kuwa ili simbi ishonwe vizuri mgongo wake hukatwa, na pete iko mgongoni. Kwa hiyo huwezi kusimama pale na kuinyooshea kidole moja ukasema hii ya Maldivi, hii ya Pemba. Jambo hilo halikunihuzunisha hata kidogo. Zilifika kama fedha za watu wa mbali na sasa ni ngozi ya kiti cha mfalme wa Bandjoun. Nilimweleza Papa kwamba kwetu watoto huziokota ufukweni. Alicheka kwa mshangao, akamwita kijana aliyekuwa karibu aje asikie.

Katika kabati moja palikuwa na nafasi tupu. Nikauliza kama kitu kimeibwa au kinatengenezwa. Papa akajibu kwamba kimekwenda kazini: kulikuwa na shughuli ya mazishi ya mtu mkubwa, na kitu hicho lazima kiwepo. Kikimaliza kitarudi. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa niko mahali gani. Vitu hivi havijastaafu. Kabati la kioo ni chumba cha kusubiria kati ya shughuli na shughuli. Na nikakumbuka vile vilivyo mbali. Kiti cha enzi cha shanga cha jirani zao Wabamum, ambacho Sultani Njoya alimpa Kaisari wa Ujerumani mwaka 1908, kiko Berlin mpaka leo. Sanamu ya Ngonnso', mama mwanzilishi wa watu wa Nso, pia ilichukuliwa wakati wa Wajerumani, na mwaka 2022 ndipo wenye makumbusho huko walipokubali irudishwe. Kwetu Tanganyika tulikuwa na watawala haohao, na mizigo yetu iko katika maghala ya mji uleule. Watu wakisema vitu hivyo viko salama zaidi Ulaya, mimi sasa nitawauliza: salama kutokana na kazi gani?

Vinyago vya tembo ndivyo vilivyonichukua zaidi. Ni kofia ya kitambaa inayofunika uso wote, yenye masikio mawili makubwa ya duara na mkanda mrefu mbele kama mkonga, mwingine nyuma, vyote vimejaa shanga. Ni vya chama cha kuosi, cha watu wenye mali na vyeo. Wanapotoka kucheza wanavaa na vitambaa vya ndop, vya rangi ya nili vyenye michoro myeupe, na ngozi ya chui kwa aliyeruhusiwa, na mgwisho mkononi. Ndani ya kioo kinyago kimetulia. Papa aliinua mikono yake akatuonyesha jinsi mkonga unavyopiga kifua mtu akicheza, na uzito wa shanga shingoni, nami nikaanza kukiona.

Alituambia pia jinsi mfalme anavyopatikana, na hapa nilimwomba rafiki yangu atafsiri polepole. Fo anayetawala humchagua mrithi kwa siri, na wanaojua ni wachache katika baraza. Baada ya kifo chake, mbele ya umati, mrithi hukamatwa kwa ghafla katikati ya wana wa mfalme na kupelekwa la'akam, mahali pa kufundwa, akae wiki tisa akijifunza kutawala. Akitoka, hatoki kuwa mtoto wa yule aliyekufa; anarithi mahali pake, nyumba yake na mizigo yake yote. Tisa ni idadi kubwa kwao; baraza la wazee wakuu pia ni la watu tisa. Baada ya kusikia hayo nilirudi kwenye sanamu za wafalme, nikaziangalia upya zote.

Kuhusu picha, uliza kila mahali, usidhani ruhusa ya nje inafika ndani. Mimi nilipiga jumba kwa nje, kisha simu nikaiweka mfukoni, na nashukuru kwa hilo kwa sababu macho yalipata kazi. Vaa nguo za heshima. Nenda asubuhi, na usipange jambo jingine mchana. Na kama huna Kifaransa, tafuta Mkongo wa mashariki, wako Yaoundé.

Tulikula majimbi yaliyotwangwa laini kwa mchuzi wa njano, unaoliwa kwa kidole, chakula ambacho tumbo la mtu wa Pemba halihitaji kutambulishwa. Alasiri tulipita Bandjoun Station, kituo cha sanaa alichokijenga mchoraji Barthélémy Toguo na kukifungua mwaka 2013, kuta zake za nje zimejaa michoro ya rangi. Siku iliyofuata tukaenda Dschang, kwenye Makumbusho ya Ustaarabu yaliyo kando ya ziwa, yanayoeleza Kamerun nzima kwa maeneo yake. Ni mazuri na yamepangwa vizuri, na anayependa kuelewa kwanza kabla ya kuona aanzie huko. Mimi bado ningeanzia Bandjoun, kwa sababu kule Dschang, kila nilipoona kibuyu cha shanga, nilikuwa najua swali la kumuuliza mwongozaji: hiki hutoka lini, na nani hukibeba?