Ladha ya chuma mdomoni: nilivyomaliza dozi ya amiba nikiwa nakula

Aliyewahi kumeza metronidazoli, Flagyl kama tulivyozoea kuiita, ananielewa. Niliandikiwa vidonge viwili vya miligramu 200 kutwa mara tatu, na haikuchukua muda mdomo ukajaa ladha ya chuma. Chai chuma, wali chuma, hata maji matupu. Mtu umeshadhoofishwa na amiba, halafu chakula nacho hakipiti.

Kilichoniudhi zaidi ni washauri. Jirani aliniambia, "Shoga, tumbo si limetulia? Achana na hizo dawa, utakonda bure." Dozi haikatishwi eti kwa sababu kuhara kumekoma! Mwingine akaniletea asali nilambe. Utamu ulipokutana na ule uchungu nilikaribia kutapika. Wa tatu akasisitiza dawa ya kusukutulia, ya elfu kumi na kitu. Nikaisoma dukani, ina alkoholi, nami nilishaonywa nisichanganye kabisa. Isitoshe, inakausha mdomo. Nikairudisha.

Aliyenifungua macho ni mfamasia. "Dada, hiyo dawa ikishaingia kwenye damu inatoka tena na mate." Kumbe ndiyo maana nasugua ulimi mpaka unauma na uchungu unarudi pale pale! Nikaona heri niyafanye mate yatiririke kwa wingi, na mimi niwe na ladha kali ya kushindana nayo.

Basi nikanunua ukwaju wa buku sokoni. Nikauloweka kwa maji ya moto, nikauvuruga kwa mkono, nikachuja ukabaki mzito, nikatia chumvi kidogo na sukari ya kuonja tu, kisha nikaugandisha kwenye trei ya barafu. Kabla ya kula nafyonza kipande kimoja taratibu. Mate yanachuruzika, taya zinasisimka, na ule uchungu unanyamaza muda wa kutosha kumaliza sahani. Siku ya kwanza nilikula wali na kunde za nazi nikaongeza, mwenyewe siamini! Mwenye vidonda vya tumbo au vya mdomoni asiige hili. Na baada ya ukwaju sukutua kwa maji, mswaki usubiri nusu saa, asidi hulainisha meno.

Kijiko nilikiweka kando, nikala kwa mkono, maana chuma juu ya chuma ni balaa. Nyama ya ng'ombe ilinishinda. Mayai yalipita, na samaki aliyelala kwenye ndimu alipita vizuri, hasa akiwa amepoa. Katikati ya mchana natafuna iliki. Vidonge navyo mezeni pamoja na chakula, kwa maji mengi, visikawie ulimini.

Ladha iliisha yenyewe muda mfupi baada ya dozi kwisha. Ikikung'ang'ania wiki kadhaa baadaye, nenda ukapimwe, huenda ni fizi au tindikali inayopanda kutoka tumboni. Mimi nilimeza mpaka kidonge cha mwisho, na jirani nimemwambia hivyo hivyo.